Mjumbe Hauawi, Lakini Huumwa

Tembea Lavington, Karen, Runda, South C au hata zile ploti mpya za Ruaka, utakutana na maneno mawili yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti: MBWA KALI. Kuna mzaha wa zamani kwamba mgeni mmoja alizunguka Nairobi siku nzima, kisha akauliza huyu Bwana Mbwa Kali ni tajiri wa aina gani, maana nusu ya nyumba za mji ni zake.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia maneno hayo yana kosa. Mbwa ni mnyama, na mnyama huenda na A-WA. Tunasema mbwa mkali, paka mweusi, simba mzee. "Mbwa kali" ni Kiswahili cha aina nyingine kabisa, kile kilichoitwa Kisetla: lugha ya amri ambayo walowezi wa Kizungu waliitumia kwa wapishi, watunza bustani na watarishi wao, bila kujali ngeli wala adabu. Walowezi wengi waliondoka baada ya 1963. Sarufi yao ikabaki getini.

Sasa jiulize hilo bango linasomwa na nani. Mwenye nyumba halisomi. Wageni wake wana namba yake ya simu, na wanafunguliwa wakiwa bado ndani ya gari. Mwizi akilisoma, atafanya hesabu zake. Anayelisoma kila siku, mara ishirini kwa siku, ni mtu aliyesimama nje na mzigo mkononi: mtu wa gesi, mtu wa maji, mtu wa pizza, mtu wa kifurushi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema chochote kuhusu kuumwa.

Hadithi ya mbwa na mtu wa posta tunaijua kutoka katuni: tarishi mwenye kofia anakimbia, mbwa yuko nyuma yake, kipande cha suruali kimebaki mdomoni. Watu hucheka. Lakini ugomvi huu una historia na una tarehe, na ukiufuata vizuri unakuleta hadi kwa yule msee wa boda aliyekuletea chips jana usiku.

Tuanze Uingereza. Kabla ya 1840, kwa kawaida aliyelipia barua ni aliyeipokea. Kwa hiyo tarishi alibisha, akangoja, akadai pesa, akapewa, akaondoka. Palikuwa na mtu mlangoni kila mara, na kama palikuwa na mbwa, palikuwa na mtu wa kumshika. Mwaka 1840 ukaja mpango wa Rowland Hill: barua inalipiwa na anayeituma, kwa stempu ya peni moja. Sasa tarishi hakuwa na haja ya kumwona mtu yeyote. Kufikia 1849 posta ilikuwa inawahimiza wenye nyumba watoboe milango yao ili barua ziingizwe kwenye tundu. Kazi ikawa ya haraka. Ila katika tundu lile, mkono wa mfanyakazi ulianza kuingia nyumbani mwa mtu kila asubuhi huku mwenye nyumba akiwa kalala, na upande wa pili wa mlango akiwepo mnyama asiyejua stempu ni nini.

Marekani ilifuata njia hiyohiyo. Tarehe 1 Julai 1863 posta yao ilianza kupeleka barua bure hadi nyumbani katika miji mikubwa. Mwaka 1896 ikaanza kujaribu huduma hiyo mashambani, kwanza katika jimbo la West Virginia. Tarehe 1 Januari 1913 ikaanza kubeba vifurushi. Na 1923 ikaamuru kila nyumba inayotaka huduma ya mjini iwe na tundu mlangoni au sanduku, kwa sababu watarishi walikuwa wanapoteza muda mwingi wakisubiri kufunguliwa. Kila hatua ilimsogeza mfanyakazi karibu zaidi na mlango, na ikamsogeza mwenye nyumba mbali zaidi.

Sasa litazame jambo hili kwa macho ya mbwa. Kila siku, karibu saa ileile, mtu asiyejulikana anavuka mpaka. Mbwa anabweka. Yule mtu anageuka na kwenda zake. Sisi tunajua ameondoka kwa sababu amemaliza kazi. Mbwa anajua ameondoka kwa sababu amefukuzwa. Kesho anarudi, anabwekewa, anaondoka tena. Mwaka mzima mbwa anashinda vita, na kila ushindi unamfundisha kwamba kubweka kunalipa. Siku geti likiachwa wazi, mnyama huyo ana ushindi mia tatu nyuma yake na hana sababu ya kuogopa. Ndiyo maana ile kauli ya "huyu hajawahi kumuuma mtu" haina uzito sana. Pengine hajawahi kwa sababu geti halijawahi kuachwa wazi.

Historia ina kejeli zake pia. Mbwa maarufu kuliko wote katika habari za posta alikuwa rafiki wa posta. Jina lake Owney. Alionekana katika ofisi ya posta ya Albany, New York, mwaka 1888, akapenda kulala juu ya magunia ya barua, kisha akaanza kusafiri nayo kwenye mabehewa ya treni. Makarani walimvisha vibati vya miji aliyopita, hadi vikawa vingi kupita uwezo wa shingo yake. Mwaka 1895 alizunguka dunia kwa meli na treni. Na 1897, akiwa mzee na mgonjwa, alipigwa risasi huko Toledo, Ohio. Inaelezwa kwamba alikuwa amemuuma mfanyakazi wa posta. Leo mwili wake umekaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya posta jijini Washington. Mnyama aliyependwa na kila karani wa nchi nzima alimalizwa na jino moja.

Tuje kwenye hesabu. Shirika la Posta la Marekani lilitangaza kwamba mwaka 2023 wafanyakazi wake zaidi ya 5,800 walishambuliwa na mbwa. Mwaka 2024 walizidi 6,000. California ndilo jimbo linaloongoza, na Los Angeles ndio mji unaoongoza. Tangu miaka ya 1960 watarishi wa huko hubeba kopo la dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa pilipili. Wanafundishwa kutumia mkoba wa barua kama ngao, kutompa mbwa mgongo, na kuweka mguu kwenye mlango unaofungukia nje ili mbwa asiusukume. Kifaa chao cha mkononi huwaonya kwamba nyumba fulani ina mbwa. Na mwenye nyumba akikataa kumfunga mbwa wake, posta inaweza kumsimamishia huduma, wakati mwingine pamoja na majirani zake, hadi atakapomdhibiti.

Hata hivyo watu wanakufa. Agosti 2022, katika eneo la mashambani jimboni Florida, gari la mfanyakazi mmoja wa posta liliharibika barabarani. Mbwa watano wakamvamia. Majirani walisikia mayowe yake wakaja kumsaidia, lakini alifariki baadaye hospitalini. Ukishasikia hiyo, ile katuni ya suruali iliyochanika haichekeshi tena.

Waingereza nao walikuwa na tatizo la kisheria ambalo nusura liwe kichekesho. Sheria yao ya mbwa hatari ya 1991 ilimbana mwenye mbwa ikiwa mnyama amemshambulia mtu barabarani au mahali ambapo mbwa hana ruhusa ya kuwa. Lakini tarishi haumwi barabarani. Anaumwa kwenye njia ndogo kati ya geti na mlango, yaani katika uwanja wa mwenye mbwa, na pale sheria hiyo ya jinai haikufika. Chama cha wafanyakazi wa mawasiliano kilianza kampeni mwaka 2008, baada ya wanachama wake wawili kujeruhiwa vibaya mwaka uliotangulia. Walipeleka mifano, picha na majina bungeni. Mwaka 2012 shirika la posta lenyewe lilimwomba jaji mstaafu achunguze suala hilo. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa kwa Uingereza na Wales: mbwa akimshambulia mtu hata ndani ya boma la mwenyewe, mwenyewe anashtakiwa. Na 2020 Mahakama Kuu ikaongeza jambo: mbwa akikata vidole kupitia tundu la barua, mwenye nyumba hawezi kujitetea kwamba hakuwepo nyumbani. Mashambulizi hayajaisha, bado ni takribani 2,000 kwa mwaka. Lakini aliyeumwa ana chama, ana sheria, na ana mwajiri anayehesabu majeraha.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya haikuwahi kuwa na katuni ile, na sababu ni rahisi: tarishi hakuja mlangoni. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, barua za kutoka Mombasa kwenda Uganda zilibebwa na watu kwa miguu, na mnyama wa kuogopwa njiani alikuwa simba. Baada ya reli, posta ya kikoloni ilijenga ofisi, na ndani ya ofisi ikajenga kuta za visanduku. Anwani ya Mkenya ikawa namba ya sanduku. Shule ilikuwa na sanduku, kanisa lilikuwa na sanduku, na kijiji kizima kiliweza kupokea barua zake kupitia sanduku la mwalimu mkuu. Babu yako hakungoja barua nyumbani. Aliifuata. Kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja, mbwa wa Kenya na mtu wa posta hawakuwa na sababu ya kujuana.

Lakini kulikuwa na mjumbe mwingine. Mlowezi alikuwa na barua ndogo ya haraka ya kumpelekea jirani, na barua hiyo ilibebwa na tarishi Mwafrika kwa miguu au kwa baiskeli. Tangu sheria ya usajili ya 1915 ilipoanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo ule, mtu huyo alitembea na kipande ndani ya kibweta cha chuma shingoni, kinachosema yeye ni nani na anamfanyia nani kazi. Mjini Nairobi makazi yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika aliyeonekana mtaa wa Wazungu alitakiwa awe na sababu ya kuwa pale, na barua iliyo mkononi ndiyo ilikuwa sababu. Lakini kipande kinasomwa na polisi. Mbwa hasomi. Mbwa wa boma la mlowezi alijifunza kwa watu waliomlea nani ni mgeni na nani ni tishio. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, mbwa wa kunusa walitumika pia kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau msituni. Kwa kizazi kizima, mbwa wa Mzungu na serikali ya Mzungu vilikuwa na harufu moja.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilielewa hili. Katika riwaya yake A Grain of Wheat, iliyotoka 1967, Karanja anafanya kazi katika kituo cha utafiti cha wakoloni. Mbwa mkubwa wa Daktari Lynd anamjia, na Karanja anaokota jiwe. Anayekemewa ni Karanja, kwa sababu ya jiwe. Ukisoma ukurasa ule leo, utaona kesi nzima ya mjumbe na mbwa iko pale: mnyama ana haki ya kujihami katika uwanja wake, lakini mtu aliyetumwa uwanjani humo hana haki ya kujihami mbele ya mnyama.

Tena tusiwasahau wenzetu wa Pwani. Katika mitaa ya kale ya Mombasa na Lamu, mlango ulilindwa kwa neno. Unafika, unapiga hodi. Hujibiwi, unapiga tena. Mara ya tatu kimya, unaondoka. Hodi ni sheria ya mpaka: inamlinda mwenyeji asiingiliwe, na inamlinda mgeni asidhaniwe mwizi. Geti lenye mbwa limeondoa upande mmoja wa makubaliano hayo. Mwenyeji bado amelindwa. Mgeni amebaki na bango.

Na jino la mbwa katika nchi hii lina jambo la ziada ambalo tarishi wa London halimsumbui. Kichaa cha mbwa kilirekodiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia baadaye bado kipo. Mkakati wa taifa wa kukitokomeza, uliozinduliwa mwaka 2014 na kulenga 2030, ulikadiria kwamba kinaua hadi Wakenya 2,000 kila mwaka. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, na karibu vyote hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alipomchanja mvulana aliyeumwa na mbwa kule Ufaransa. Yaani tunakufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ni ya zamani kuliko Nairobi yenyewe.

Sasa tufike kwa msee wa boda.

Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na kazi iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia ikawa ajira ya vijana nchi nzima. Mwaka mmoja kabla, M-Pesa ilikuwa imeanza. Muongo uliofuata ukaleta maduka ya mtandaoni na programu za chakula. Kisha Machi 2020 ikaja korona, watu wakajifungia ndani, na kila kitu kikaanza kuletwa: unga, dawa, viatu, keki ya besdei. Kwa miaka michache tu, Nairobi iliruka kutoka kwenye sanduku la posta hadi kwenye geti. Kile ambacho Uingereza na Marekani walikijenga polepole kwa zaidi ya miaka mia, sisi tumekipata kwa simu. Ila wenzetu, pamoja na barua mlangoni, walijenga chama, mkoba wa ngao, daftari la nyumba zenye mbwa, na hatimaye sheria. Sisi tumeleta kifurushi tu.

Mfikirie huyu kijana kama mfanyakazi. Ana oda nyingi, na kila dakika inahesabiwa. Amevaa helmeti, na mbwa wengi hawampendi mtu asiyekuwa na uso. Pikipiki inanguruma. Amebeba sanduku kubwa mgongoni lenye harufu ya kuku. Anapiga simu, mteja anasema, "Ingia tu, soja atakufungulia." Soja anafungua geti la nje, lakini mbwa wa nyumba namba nne ni wa nyumba namba nne, soja hana amri juu yake. Kijana akikataa kuingia, anapewa nyota moja. Akiingia akaumwa, nyota tano hazitamlipia sindano.

Nani atalipa? Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtambua mwajiriwa. Lakini wengi wa wanaoleta vifurushi huandikishwa kama watu huru waliojiajiri, na pikipiki ni yao au ni ya mkopo. Kwa hiyo jeraha ni lao pia. Kinachobaki ni kumshtaki mwenye mbwa. Hapo tunarudi kwa Mwingereza: mahakama zetu bado hutumia kanuni za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo hatujatunga zetu. Katika kanuni hizo za kale, mtu aliyeumwa na mnyama wa kufugwa alitakiwa aonyeshe kwamba mwenyewe alijua mnyama huyo ana tabia ya hatari. Njia ya pili ni kuthibitisha uzembe: geti liliachwa wazi, kamba ilikuwa imekatika.

Ndipo lile bango linapogeuka kuwa kitu cha ajabu. Mwenye nyumba alilitundika ili kujikinga. Lakini ukilisoma kama wakili, ni maungamo yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: najua mbwa wangu ni hatari. Wakili wa upande wa pili naye atasema, mlalamishi alionywa, akaingia kwa hiari yake. Na pale ndipo kesi nzima inapokaa, kwenye neno "hiari". Je, mtu aliyetumwa na wewe, kwa oda yako, kwa pesa yako, ameingia kwa hiari ya nani?

Hakuna haja ya kumchukia mbwa. Yeye anafanya kazi aliyopewa, tena bila mshahara, na mara nyingi huishi kwenye banda asilolipenda. Mwizi yupo, hofu ni ya kweli, na polisi huchelewa. Watu wanafuga mbwa kwa sababu. Lakini waliowahi kupunguza majeraha haya hawakuanza na mbwa. Walianza na mwenye mbwa.

Mambo yenyewe si makubwa. Ukiagiza kitu, funga mbwa kabla hujabonyeza kitufe, au toka ukutane na mjumbe nje ya geti. Mchanje mbwa wako kila mwaka na uweke kadi mahali utakapoiona, kwa sababu swali la kwanza hospitalini litakuwa kama mbwa alichanjwa. Ikiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo watachanjwa, kichaa hukosa njia ya kusambaa. Wenye ploti wanaweza kuweka meza au sanduku la vifurushi kwa soja, na hilo ni wazo la posta ya zamani, limevaa nguo mpya. Kampuni zinaweza kuweka alama ya mbwa kwenye ramani zao. Teknolojia inayojua ulikula nini Jumanne haiwezi kushindwa kukumbuka geti lenye mbwa.

Na wewe unayefanya kazi hiyo, ukiumwa hata mkwaruzo, tafuta bomba la maji. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usikimbilie kukifunga, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo, na umalize dozi zote hata kama kidonda kimepona. Andika namba ya nyumba, piga picha ya kidonda na ya geti.

Hakikisha bango linaonekana kwenye picha.